Kusubiri Siku Zirudi

Nkubu, Meru
14 Aprili 2024

Armelle binti yangu,

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Gitonga akipiga nasikia mngurumo tu, kama mashine ya kusaga unga hapa sokoni, halafu mwanangu anakasirika kwamba namjibu mambo ambayo hakuuliza. Masikio yamekwenda lakini macho bado yapo, na hii tableti aliyonitumia inakuza herufi mpaka zinatisha. Kwa hiyo mimi na wewe tutaandikiana, tena kwa Kiswahili, maana Kimeru chako kinaishia kwenye salamu na Kirundi changu hakijaanza.

Sasa nisikilize. Unamjua Shirleen wetu. Mlimpa chumba asome huko Sydney, na shukrani yake ni kuniandikia kila kitu kinachopita nyumbani kwenu. Ameniambia aliishiwa na sodo akaja kukuomba, ukamwambia huna hata moja, hujanunua tangu Februari. Sikumuuliza zaidi. Akaongeza mwenyewe kwamba unatapika, na harufu ya vitunguu inakufukuza jikoni. Na Jumapili kwenye video niliona mashavu. Miaka saba ya ndoa yenu sijawahi kuyaona mashavu hayo.

Kwetu neno hili halitajwi mpaka lionekane lenyewe. Sitalitaja. Wewe pia usinijibu ndiyo wala la. Nakwambia tu kwamba nimelala vizuri, mara ya kwanza tangu tumzike Mzee Mwirigi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake, na jina la mzee limekaa bila mwenyewe muda mrefu sana. Akiwa wa kike ataitwa mimi, na hilo pia sitalikataa.

Naona nimeshalitaja. Futa hapo.

Acha kuwanyanyua wale wazee unaowatunza kazini, waambie wakupe kazi ya kukaa. Apondi, yule nesi rafiki yenu, yuko huku likizo. Akirudi nitampa mzigo wako.

Mamako,
Kathambi


Blacktown
16 Aprili 2024
(Rasimu. Haikutumwa.)

Mama,

Si mimba. Naandika hilo kwanza kwa sababu nikianza na salamu sitafika.

Ni saratani, titi la kushoto. Waliiona Januari, siku ambayo joto la hapa Blacktown lilikuwa limepita arobaini, na nakumbuka nilikuwa nafurahia kiyoyozi cha daktari wakati ananieleza. Walinikata uvimbe. Sasa napewa kemo, dawa kali inayoingia kwa mshipa kila baada ya wiki tatu. Ndiyo inayonitapisha. Mashavu ni ya dawa nyingine, ile ya kupunguza kutapika. Kilemba ulichokisifu kwenye video kinafunika kichwa kisicho na nywele.

Na siku zangu zimekoma kwa sababu dawa hii haichagui. Inaua ugonjwa, na njiani inaziunguza ovari. Nilimuuliza daktari kama zitarudi. Alisema kwa mwanamke wa umri wangu, miaka thelathini na mitatu, mara nyingi hurudi baada ya miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka au zaidi. Wengine haziwarudii kabisa. Hakuna anayejua mimi ni wa upande gani. Akasema pia kwamba hata zikirudi, hiyo si ahadi ya mtoto. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kabla ya kuanza waliniuliza kama nataka mayai yangu yatolewe yahifadhiwe kwenye barafu. Ingechukua kama wiki mbili. Uvimbe ulikuwa unakua haraka, daktari wa upasuaji hakutaka kungoja, na Gitonga akasema, "Uishi kwanza." Nikakubali kuishi kwanza.

Amenikataza kukwambia, na Shirleen naye hatujamwambia. Anasema presha yako itapanda uanguke kama ulivyoanguka siku ya mazishi ya mzee. Nimeisoma barua yako mara nyingi, Mama. Umesema umelala vizuri.

Armelle


Blacktown
17 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika. Umesema nisijibu ndiyo wala la, na mimi ni mkaza mwana mtiifu, kwa hiyo sijibu.

Sisi tuko salama. Gitonga anafanya kazi zamu za asubuhi kwenye ghala la Minto, anaamka kabla ya ndege na anarudi amechoka, ila anakula vizuri. Kasuku weupe wa huku wamegundua mapipa yetu ya taka, wanayafungua kwa midomo kama watu.

Nina swali kuhusu mama mmoja ninayemtunza kazini. Umri wake ni kama wako. Joto linampanda ghafla kutoka kifuani mpaka kichwani, anatoa jasho shuka linaloa, halafu baada ya muda mfupi anatetemeka kwa baridi. Ukavu sehemu za siri unamsumbua, anaona aibu kumwambia daktari. Na analia bila sababu. Wewe ulipofika huko ulifanyaje?

Mkaza mwana wako,
Armelle


Nkubu
2 Mei 2024

Armelle,

Mwambie mama huyo asione aibu, amwambie daktari kila kitu, hata huo ukavu. Daktari ameona makubwa zaidi. Alalie shuka la pamba, si haya ya nailoni. Aweke kitambaa chenye maji kando ya kitanda na joto likimpanda ajipanguse shingo. Apunguze chai ya moto. Mimi nilishindwa hapo, bora nitoke jasho.

Na kama analia, mwache alie. Mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni na bado nililia zilipokoma, mzee akadhani amenikosea akaninunulia viatu. Hakuna anayekuja kukwambia kwamba hizi ndizo za mwisho. Unaweka akiba ya sodo kabatini, unangoja, mwisho unawapa wasichana wa jirani. Kama aliwahi kuzaa, mkumbushe watoto wake. Itamsaidia.

Sasa kosa langu. Sikumwambia mtu ila Mama Clifford tu, na kumwambia Mama Clifford ni sawa na kutangaza redioni. Jumapili baada ya ibada akina mama wa kanisa walinizunguka wakiimba, nikacheza mpaka goti likauma. Wameanza kufuma. Usiogope, nimewaambia wafume rangi ya manjano, hatujui.

Mzigo nimempa Apondi: unga wa wimbi wa uji, leso mbili, na njahi, zile kunde nyeusi za mzazi, nilizozichambua mwenyewe moja moja. Ukishajifungua utakula njahi zilizochemshwa na ndizi, maziwa yatatoka yenyewe.

Kathambi


Blacktown
23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Apondi amefika jana. Njahi zilichukuliwa uwanja wa ndege, nchi hii haitaki mbegu za watu. Anasema aliwaeleza ni za mzazi, afisa akamjibu kwa upole sana kisha akazimwaga kwenye pipa. Unga na leso vimepita.

Nilimfungulia mlango akanitazama, akatazama kichwa changu, akavua viatu akaenda moja kwa moja jikoni. Alikaa mpaka jioni akiosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Ule uji ni mtamu. Ni kitu pekee ambacho ulimi wangu unakitambua siku hizi.

Tafadhali usitume kingine, Mama. Na akina mama wasiendelee kufuma. Nakuomba.

Armelle


Nkubu
4 Agosti 2024

Armelle,

Shirleen ametuma picha mliyopiga nje ya kanisa lenu, wewe umevaa koti la Gitonga. Nimeikuza kwa vidole mpaka ikawa madoa tu.

Nimezaa mara tatu na nimefundisha wasichana miaka thelathini na mbili. Kwa hesabu yangu uko mwezi wa sita. Mwezi wa sita haufichwi na koti.

Na nyusi zako ziko wapi?

Nilisema neno lisitajwe. Sasa nakuamuru ulitaje, lolote lile. Nimemwandikia Gitonga naye amenijibu habari za mvua.

Mama Gitonga


Blacktown
6 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Chini ya barua hii nimeweka nyingine niliyokuandikia tarehe kumi na sita Aprili nikakosa ujasiri wa kuituma. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa. Kaa chini kabla hujaisoma. Dawa ya presha uwe umemeza.

Umesoma?

Basi yule mama wa kazini ni mimi. Sijaenda kazini tangu Januari. Niliposoma "mkumbushe watoto wake" nilicheka sana, halafu nikafanya kama ulivyoniambia, nikajiacha nilie. Kitambaa cha maji kimenisaidia kweli.

Kemo iliisha mwishoni mwa Juni. Baada yake nimechomwa mionzi, ngozi imekuwa nyeusi zaidi upande huo na inabanduka. Mikono imeanza kupata nguvu. Nilidhani sasa nitakaa kusubiri siku zangu zirudi, kumbe sivyo. Saratani yangu inakula homoni ambayo ovari zinaitengeneza. Kwa hiyo kila baada ya wiki nne nesi ananichoma sindano tumboni, nene kama kalamu, ya kuzilaza ovari, na kila siku nameza kidonge cha kuinyima saratani chakula chake. Kidonge ni miaka mitano, pengine zaidi, na ukiwa unakimeza hutakiwi kushika mimba, kitamharibu mtoto. Ndiyo maana nakwambia wasifume, Mama.

Lakini daktari hakufunga mlango wote. Amesema baada ya miaka miwili hivi, kama vipimo vitakuwa vizuri, tunaweza kuzungumza kuhusu kusimamisha dawa kwa muda ili nijaribu. Sindano ikiachwa, ovari zinaweza kuamka, kama kemo haikuziua. Hatuwezi kujua sasa kama zimelala au zimekufa. Mtu aliyelala kwa dawa na maiti wanafanana.

Mimi nashikilia hiyo miaka miwili. Sina kingine. Nikimwona mwanamke na kigari cha mtoto pale madukani Westpoint natazama viatu vyangu mpaka apite.

Gitonga usimlaumu sana. Alikuogopea. Usiku anageukia ukutani akilia, mimi najifanya nimelala, na sisi wawili tunajua.

Nisamehe kwa zile nyimbo za kanisani. Ningeweza kuzizuia kwa mstari mmoja.

Mkaza mwana wako,
Armelle


Nkubu
19 Agosti 2024

Armelle mwanangu,

Nilisoma nikaiweka tableti chini ya mto nikaenda kupalilia. Nimeng'oa mahindi mazuri pamoja na magugu. Presha haikupanda. Mwambie Gitonga hivyo, na umwambie pia kwamba mama yake alimzika mume wake mwenyewe, hakuvunjika, alianguka tu siku moja kwa sababu hakuwa amekula. Nimemkasirikia vibaya. Kukuacha peke yako na mimi nikicheza kanisani kama mwendawazimu!

Wewe nimekusamehe kabla hujaomba.

Ila kuna jambo nimelifanya na lazima ulisikie kwangu. Watu walikuwa wanangoja mtoto. Sikuweza kuwaambia saratani. Hapa ukitaja saratani ya titi watu husikia kaburi, wangeanza kukulia wewe ukiwa hai, na hilo nisingelivumilia. Basi nikawaambia mimba ilitoka tangu Juni, nanyi mkanificha.

Walikuja wote, Armelle. Walikuja na sukari na maziwa wakakaa sebuleni kwangu siku mbili. Mama Clifford alileta kile kisweta cha manjano, mkono mmoja ulikuwa haujaisha, akauliza akifumue au akimalize. Nilidhani nitakuwa naigiza. Lakini waliponishika mabega nililia kama mtu aliyefiwa, nikamlilia mtoto ambaye hajawahi kuwepo, kwa jina lake kamili. Nadhani nilikuwa nakulilia wewe, ila sikuruhusiwa kusema.

Utapata pole nyingi kwa simu. Zipokee tu.

Sasa wanaomba kila Jumatano. Niliwaambia siku zako hazijarudi tangu mimba itoke, wao wanamwomba Mungu azirudishe. Wanaomba kwa sauti, wakitaja tumbo lako kwa jina lako la ubatizo. Ni uongo wangu uliowapeleka magotini, lakini maombi yenyewe si ya uongo.

Miaka miwili ni kitu gani? Nimewasubiri wanafunzi wajifunze kugawanya kwa muda mrefu kuliko huo. Mimi nitasubiri na wewe.

Mamako,
Kathambi


Blacktown
11 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Leo huku ni sikukuu ya akina mama. Kanisani waligawa maua meupe, na yule kijana wa maua hakuuliza nani amezaa, alinipa na mimi. Nimeyaacha kwenye treni.

Mama, zimerudi.

Zilianza mwezi uliopita, nikiwa natoka Parramatta. Nilisikia lile vuguvugu nikadhani ni jasho, nimezoea jasho. Niliposhuka Blacktown nikaingia choo cha stesheni nikaona. Nyekundu kabisa, kama za msichana. Sikuwa na pedi hata moja, nilikuwa nimesahau kwamba vitu hivyo vinanunuliwa. Nikaenda dukani nikasimama mbele ya rafu nikizitazama zote, zile zenye mabawa, zile za usiku, nikachukua pakiti tatu. Tumbo liliniuma mpaka kiunoni kama zamani. Nikakaa kwenye benchi nje nikiwa na maumivu yangu, nikicheka mwenyewe. Nikasema akina mama wa Nkubu wamesikilizwa. Nilikuwa nimefungua simu nikuandikie, nikasema ngoja kwanza zimalizike, niwe na hakika.

Siku ya sindano nikamwambia nesi, nikitabasamu. Yeye hakutabasamu. Damu haikutakiwa kuja, Mama. Nikiwa kwenye sindano ile, siku zikija maana yake sindano imeshindwa. Walinipima damu. Walichunguza na mfuko wa uzazi, maana kile kidonge nacho kinaweza kuleta damu, wakakuta uko sawa. Ni ovari. Hazikufa. Zilivumilia kemo, zikavumilia na sindano, zikaamka. Daktari alisema zina nguvu kuliko alivyotarajia, na kwa nusu dakika nilijivuna nazo.

Kisha akanionyesha picha. Kuna tezi juu ya mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo, upande uleule. Wamechukua kipande kidogo wakakipima. Ugonjwa umerudi. Muda wote huo ovari zangu zilikuwa zinaulisha, na mimi nilikuwa nawashukuru watu kwa maombi.

Habari za miaka miwili hazizungumzwi tena. Hata neno kupona hawalitumii, wanasema watajaribu kuushikilia. Alhamisi wataziondoa ovari zote mbili. Nilimuuliza, kwa kuwa sasa tunajua ziko hai, je, hatuwezi kungoja kidogo, tutoe hata yai moja. Akanieleza polepole kwamba mwili wangu hauna muda wa kungoja huko. Nikatia sahihi. Ni mimi niliyetia, Mama, hakuna aliyenilazimisha.

Waambie akina mama waache kuomba hivyo. Tafuta sababu yoyote, wewe unazo. Jina la mzee mpe mtoto mwingine katika ukoo, usiliweke tena kwa ajili yetu. Nakuandikia haya yote kwa sababu ulisema utasubiri na mimi, na sitaki uendelee kukaa hapo mlangoni peke yako.

Gitonga anajua kuhusu tezi. Anajua kuhusu Alhamisi, ameomba ruhusa kazini atanipeleka. Lakini hajui kwamba zilirudi. Zile pakiti nilizificha chini ya kitanda cha Shirleen. Gitonga anadhani kemo ilizimaliza ovari tangu mwaka jana, na kwamba sasa wanaondoa tu kitu kilichokwisha kufa. Usimwambie, Mama. Mwache aendelee kudhani hivyo.

Armelle